Sanamu za Wagiriki na Warumi hazikuwa nyeupe

Wengi huamini kwamba Wagiriki na Warumi wa kale walipenda sanamu za marumaru tupu, nyeupe pe. Ni rahisi kuona sababu: ndivyo zilivyotufikia.

Lakini zilipakwa rangi. Midomo na nguo zilipata wekundu wa udongo wenye chuma. Nyusi na mboni zilichorwa kwa brashi. Buluu ulikuwa ufundi wa Misri: mchanga, chokaa, shaba na magadi vilichomwa pamoja kwenye joto la nyuzi 850 hadi 1,000 hivi, kisha vikasagwa. Rangi ilishikizwa kwa nta au yai, navyo huliwa na mvua, jua na udongo. Iliyosalia mara nyingi ilisuguliwa na wasafishaji wa baadaye. Hata hivyo chembe za buluu hiyo bado hung'aa kwenye kamera ya infraredi, inayonasa mwanga usioonekana kwa macho.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta picha kubwa ya Peplos Kore, sanamu ya Kigiriki ya msichana ya mnamo 530 K.K., uikuze kwenye nywele na midomo: wekundu upo. Kisha tafuta mtungi wa karne ya 4 K.K. kutoka kusini mwa Italia, wenye mchoro wa fundi akipaka rangi sanamu ya Herakle, shujaa wa hadithi za Kigiriki, jiko la makaa likiwa kando.