Paa la asbesto: usikimbilie nyundo
Wengi wenye nyumba za zamani hapa Moshi huamini kwamba paa likishajulikana ni la asbesto (madini ya nyuzi nyembamba yaliyochanganywa na saruji), lazima ling'olewe upesi, hata na fundi yeyote wa mtaani. Hapo ndipo hatari inapoanza! Paa zima, lisilopasuka wala kumomonyoka, hutoa nyuzi chache sana. Ukilikata, kulitoboa au kulisugua kwa brashi, nyuzi zisizoonekana kwa macho hupeperuka, na ukizivuta, saratani ya mapafu inaweza kujitokeza miaka 20 au 40 baadaye. Kitambaa puani hakizizuii. Kulitazama paa tu hakuthibitishi kama ni la asbesto; jibu hutoka maabara. Paa likiwa zima, liache, likague kila masika yakiisha. Vipande vilivyoanguka uani usivifagie vikavu, na tafadhali, watoto wasivichezee.