Hanesi ya gari ni nini, na seti ipi inafaa gari la zamani

Hanesi ni fungu la nyaya zote za umeme za gari: zimekatwa kwa urefu wake, zimefungwa pamoja, zimewekewa teminali (vichwa vya chuma vya ncha za waya) na konekta, tayari kutandazwa kutoka kwenye betri hadi taa ya mwisho ya nyuma. Mafundi wengi huiita wayaringi. Fundi akikwambia "wayaringi imekwisha", hazungumzii waya mmoja uliokatika. Anasema fungu zima limechoka, ukitengeneza hapa panaachia pale.

Kwa magari mengi ya zamani, kiwanda kiliacha kutoa hanesi miaka mingi iliyopita. Pengo hilo limejazwa na kampuni nyingine zinazounda hanesi mpya na kuziuza kama seti. Ndani ya boksi unakuta sanduku la fyuzi, nyaya, rilei kadhaa (swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), mfuko wa teminali na karatasi za maelekezo. Nje ya boksi pameandikwa kwa herufi kubwa idadi ya saketi, yaani njia za umeme, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu wanachagua kwa namba ile kabla hawajajua gari lao linataka nini.

Tuanze na kinachoua hanesi ya zamani, maana ndicho kinachokuonyesha unachopaswa kukitafuta katika mpya. Hadi miaka ya 1950 ganda la waya lilikuwa la mpira, na juu yake kitambaa cha pamba kilichosukwa. Mpira hukauka kwa joto la injini, hupasuka, kisha humomonyoka ukiukunja waya kidogo tu. Plastiki iliyofuata ilidumu zaidi, lakini nayo hukakamaa karibu na bomba la moshi. Ndani ya ganda, maji yanayoingia kwenye ncha huigeuza shaba kuwa nyeusi, na shaba nyeusi haishiki teminali vizuri. Juu ya hayo yote, kila aliyewahi kulimiliki gari ameongeza lake: redio, honi ya pili, taa za ukungu, vyote vimeunganishwa kwa waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe. Mara nyingi viungo hivi ndivyo vinavyolaza gari njiani.

Kuna sababu moja inayonifanya niamini kwamba hanesi iliyochoka haifai kuvumiliwa. Magari ya zamani yalikuwa na fyuzi chache mno. MGB za mwanzo, gari dogo la michezo la Kiingereza, zilikuwa na fyuzi mbili tu zinazofanya kazi, na taa kubwa hazikupitia hata moja. Ikitokea shoti kwenye waya usio na fyuzi, waya wenyewe ndio unaogeuka fyuzi: unawaka moto mpaka ukatike, tena ukiwa umelala juu ya zulia au nyuma ya dashibodi.

Sasa turudi kwenye saketi. Saketi ni njia moja ya umeme yenye fyuzi yake. Taa za breki zikiwa na fyuzi yake, hiyo ni saketi moja. Honi ikiwa na yake, ni nyingine. Seti huuzwa zikiwa na saketi 8, 12, 18, 21 na zaidi, lakini wauzaji hawahesabu kwa namna moja. Wapo wanaohesabu kila waya unaotoka kwenye sanduku, hata kama nyaya mbili zinagawana fyuzi moja. Kwa hiyo tazama picha ya sanduku, hesabu nafasi za fyuzi mwenyewe.

Kabla ya hapo, chukua karatasi uandike kila kitu kinachotumia umeme katika gari lako, na kila kitu unachokusudia kukiongeza. Gari lisilo na mbwembwe lina taa kubwa, taa ndogo, breki, indiketa, honi, wipa, geji na mfumo wa kuwasha injini. Kwa gari hilo saketi 8 hadi 12 zinatosha kabisa. Ukiweka feni ya umeme ya rejeta, pampu ya mafuta ya umeme, vioo vya umeme au kiyoyozi, orodha inapanda, na seti nayo ipande. Usinunue saketi 21 kwa gari la saketi 9 ukidhani umejiwekea akiba. Nyaya zisizo na kazi zitajazana nyuma ya dashibodi, na siku ya kutafuta hitilafu utakuwa unapapasa kichakani.

Kwa aina, seti ziko tatu. Ya kwanza ni nakala ya ile ya kiwandani: rangi zilezile, kitambaa kilekile, teminali za umbo lilelile. Inamfaa mwenye gari ambalo halijabadilishwa na anayetaka libaki hivyo. Inaingia kwa urahisi kuliko zote kwa kuwa kila tawi linatokea pale lilipotokea zamani, ila ukumbuke kwamba inarithi na kasoro za zamani, pamoja na uchache wa fyuzi. Na kama gari ni la Kiingereza lenye fyuzi za kioo, kuwa mwangalifu unapozinunua: fyuzi ya Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya magari, iliyoandikwa 35 iliandikwa kwa ampea zinazoikata, wakati mzigo wake wa kudumu ni ampea 17 hivi. Ukiweka pale fyuzi ya kioo ya mtindo mwingine, ambayo 35 yake ni ya mzigo wa kudumu, umeondoa nusu ya ulinzi bila kujua.

Aina ya pili imetengenezwa kwa ajili ya modeli fulani, lakini ina sanduku la kisasa la fyuzi bapa, rilei na nyaya nene zaidi, huku konekta zake zikiingia kwenye swichi zako za asili. Ya tatu ni ya magari yote: nyaya ndefu, unazikata na kuzitia teminali mwenyewe. Hii ya tatu inavutia kwa bei, na kwa gari lililounganishwa kwa vipande vya magari mbalimbali ndiyo chaguo la kweli. Lakini kwa mtu anayelitumia gari lake barabarani, usiku na mvuani, mimi ningemwelekeza kwenye aina ya pili kila inapopatikana. Saa ambazo ungezitumia kubuni njia ya kila waya zinabaki za kazi nyingine, na kila teminali iliyobanwa kiwandani kwa mashine ni moja usiyoweza kuikosea.

Ukishajua aina, liulize gari lako maswali, na la kwanza ni volti. Chevrolet ilihama kutoka volti 6 kwenda 12 kwa magari ya mwaka 1955, Ford ikafuata 1956, na Volkswagen Beetle ilibaki na 6 hadi miaka ya 1960. Taa ya wati zilezile kwenye volti 6 inavuta ampea mara mbili ya zile inazovuta kwenye volti 12, hivyo nyaya za volti 6 lazima ziwe nene zaidi. Seti nyingi za leo zimekadiriwa kwa volti 12. Ukiifunga kwenye gari linalobaki na volti 6, taa zitafifia na nyaya zitapata joto.

La pili ni ethi, yaani upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza yalifunga upande chanya, na MGB ilifanya hivyo hadi mwaka 1967. Waya wa shaba haujali upande. Wanaojali ni altaneta (mashine ya kisasa ya kuchaji betri), redio, taa za LED na vifaa vya kuwasha vya elektroniki, na ukivigeuzia upande vinaweza kuungua papo hapo. Kama seti inakuja na kifaa chochote cha elektroniki ndani yake, mathalani kimulikaji cha indiketa, hakikisha kinaafikiana na ethi ya gari lako, au amua kuigeuza kwanza.

Kisha kuna kuchaji, na hapa nakusihi usipite haraka. Dainamo, mashine ya kuchaji ya zamani, aina ya Lucas C40 iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ilitoa ampea 22. Altaneta unayoweza kuifunga leo mahali pake hutoa 60 au zaidi. Magari mengi ya zamani yalikuwa na geji ya ampea kwenye dashibodi, na ili geji hiyo isome, umeme wa kuchaji ulilazimika kutoka injini, kupenya ukuta wa chuma, kupita ndani ya geji na kurudi tena kwenye betri. Kwa ampea 20 njia hiyo iliweza. Kwa 60, skrubu mbili zilizolegea nyuma ya geji zinatosha kuwasha moto. Seti nzuri inakupa waya mnene unaotoka altaneta moja kwa moja hadi betri, wenye fyuzi kubwa au kipande cha waya cha kuyeyuka, na inakushauri uweke geji ya volti badala ya ile ya ampea. Kama seti haisemi lolote kuhusu hili, hilo lenyewe ni jibu.

Mfumo wa kuwasha nao una mtego wake. Katika magari mengi ya Marekani yenye pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili) ndani ya distribyuta, kigawa cheche kwa plagi, waya unaokwenda kwenye koili inayozalisha cheche ulikuwa wa ukinzani: uliishusha volti injini ikishawaka ili pointi zisiungue. Seti za magari yote kwa kawaida hupeleka volti kamili. Kama umehamia kwenye kifaa cha elektroniki kinachotaka volti 12, vizuri. Kama bado una pointi, ni lazima uongeze resista ya koili, kifaa cha kupunguza umeme, la sivyo pointi zitaisha mapema na hutaelewa kwa nini.

Indiketa ndizo zinazowachanganya watu kuliko yote. Katika magari mengi ya Marekani, taa nyekundu ileile ya nyuma hutumika kwa breki na kwa indiketa, na umeme wa breki hupitia kwanza kwenye swichi ya indiketa iliyo kwenye usukani. Magari mengi ya Ulaya yana taa ya njano ya peke yake kwa indiketa, na breki hazigusi swichi hiyo kabisa. Seti nyingi za magari yote zimechorwa kwa mtindo wa Marekani, hasa kwa usukani wa General Motors. Ukiifunga kwenye gari la Ulaya bila kuichepusha saketi ya breki, utakanyaga breki na indiketa ndizo zitakazowaka. Tazama taa zako za nyuma, kisha uulize mchoro wa seti umefuata mtindo upi.

Unene wa waya ndipo ubora unapojificha. Seti nyingi hutumia vipimo vya Kimarekani ambamo namba kubwa ni waya mwembamba: namba 10 ni karibu milimita za mraba 5.3, namba 14 ni 2.1, namba 18 ni 0.8. Chukua taa mbili kubwa za wati 55. Zinavuta karibu ampea 9. Zipeleke kwa waya wa milimita za mraba 1 wenye urefu wa mita 5, na karibu volti 0.8 inapotea njiani. Inaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu ya waya hushuka kwa kasi kuliko volti, na hapo umepoteza karibu sehemu ya tano ya mwanga wako. Waya wa milimita za mraba 2 unapunguza hasara hiyo kwa nusu. Rilei iliyofungwa karibu na taa inafanya vizuri zaidi, kwa kuwa umeme mkubwa unachukua njia fupi na swichi ya zamani inabeba kiasi kidogo tu cha kuiamsha rilei. Kama unachagua kati ya saketi nyingi na rilei za taa kubwa, chukua rilei.

Uliza pia ganda ni la nini. Waya wa plastiki ya kawaida, ulioandikwa GPT, unastahimili takriban nyuzi 80 za Selsiasi. Ulioandikwa GXL au TXL unafika 125, na TXL una ganda jembamba, hivyo fungu linakuwa dogo na kupita kwenye matundu ya zamani. Karibu na injini nisingekubali chini ya huo.

Rangi zina manufaa kwa fundi atakayekuja baada yako. Kwa Waingereza kahawia ni umeme wa betri wakati wote, nyeupe ni wa ufunguo, kijani ni wa ufunguo uliopitia fyuzi, nyeusi ni ethi. Wajerumani wanaandika namba kwenye vifaa: 30 kwa betri, 15 kwa ufunguo, 31 kwa ethi. Seti ikikubadilishia rangi, iwe imechapishwa jina la kazi juu ya waya wenyewe. Na hanesi ya zamani usiitupe hadi gari liwake na kila taa ifanye kazi, kwa maana ndiyo ramani pekee inayoonyesha kila tawi linachomoza wapi.

Kitu ambacho seti nyingi hukipunja ni nyaya za ethi. Gari la chuma hutegemea bodi kurudisha umeme, na bodi iliyopakwa rangi upya hairudishi vizuri mpaka ukwangue rangi pale skrubu inapokaa. Bodi ya nyuzi za kioo, kama ya Corvette tangu 1953, hairudishi kabisa: kila taa inahitaji waya wake wa ethi hadi kwenye chesisi. Kabla ya kulipia, fungua mchoro, hesabu taa, kisha hesabu nyaya za ethi.