Panya alichomwa sindano saa ngapi?

Nikipokea ripoti inayodai kwamba dawa ya kufukuza usingizi imeboresha kumbukumbu ya panya, sianzi na matokeo. Natafuta kwanza saa ya sindano. Panya alichomwa kabla ya kujifunza, baada ya kujifunza, au kabla ya kupimwa? Kila saa ina swali lake, na mara nyingi maswali hayo hukorogwa pamoja.

Tuanze na jaribio linalotumika sana. Panya anatiwa kwenye kisanduku chenye sakafu ya vyuma vyembamba. Ananusanusa pembeni kwa dakika chache, kisha nyayo zake zinapigwa na umeme kidogo. Kesho yake anarudishwa mle mle, safari hii bila umeme. Akikumbuka, anaganda: sharubu hazichezi, na kinachosogea ni mbavu tu kwa pumzi. Sekunde za kuganda ndizo kipimo chetu cha kumbukumbu.

Sasa mchome amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha mwili, kabla ya kumrudisha. Hatatulia. Atazunguka huku na huku, nasi tutaandika kwamba amesahau, kumbe anakumbuka vizuri ila mwili haukubali kusimama. Ndiyo maana ni afadhali achomwe siku ya kujifunza, apimwe dawa ikishamtoka. Na hapo pia pana mtego, kwa kuwa jambo lililojifunzwa dawa ikiwa mwilini wakati mwingine hukumbukwa vizuri pale tu dawa inapokuwamo tena. Bila kundi la panya la kuchunguza hilo, mimi siliamini jaribio.

Modafinili, dawa ya kufukuza usingizi iliyobuniwa Ufaransa kisha ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa wenye narkolepsi, yaani ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla, inaonyesha vizuri ninachosema. Kazi yake kubwa ni kuziba kisafirishi cha dopamini, kemikali inayopeleka ishara kati ya seli za ubongo; kisafirishi hicho ni mlango ambao seli hurudishia dopamini iliyokwisha kuitoa. Panya waliozaliwa bila mlango huo hawakeshi hata wakipewa modafinili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito, ikitolewa kabla ya mafunzo, iliimarisha kumbukumbu ya kisanduku. Miligramu 75 ziliiharibu. Na ilipotolewa baada ya mafunzo, haikuongeza chochote. Kwangu mimi jibu la mwisho ndilo zito kuliko yote: dawa ilimsaidia mnyama kupokea jambo, haikumsaidia kulihifadhi.

Kuhifadhi kuna masharti yake, na usingizi ni mojawapo. Mwaka 1994 watafiti Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu za mahali, zilizowaka (yaani kutoa ishara) pamoja panya alipokuwa akitembea ziliendelea kuwaka pamoja alipolala. Baadaye, mwaka 2003, ikaonekana kwamba panya akinyimwa usingizi saa 5 za mwanzo baada ya mafunzo, kumbukumbu ya kisanduku hudhoofika. Lakini pale mlio unapopigwa kabla ya umeme, kumbukumbu ya mlio huo hubaki salama, kwa kuwa hiyo haiitegemei sana hipokampasi. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa fulani inamkesheza mnyama mchana kutwa baada ya somo, nauliza ni kumbukumbu ya aina gani iliyopimwa.

Nje ya maabara mimea ilianza zamani kutoa dawa ya aina hii. Nekta ya mibuni na ya michungwa ina kafeini, ambayo huziba vipokezi vya adenosini, kemikali ya ubongo inayoleta usingizi. Katika utafiti wa mwaka 2013, nyuki walifundishwa kuhusisha harufu ya ua na sukari, baadhi yao wakipewa sukari yenye kafeini. Baada ya saa 24 harufu ilipopulizwa tena, waliotoa ulimi kuitafuta sukari walikuwa mara tatu ya wale waliopewa sukari tupu. Na kafeini iliyomo kwenye nekta haifikii kiwango cha kumfanya nyuki akimbie uchungu. Hapa pia dozi ndogo, iliyoingia wakati wa kujifunza, ndiyo iliyofanya kazi.