Vichwa vya Dizeli Reli ya Kati: Maneno ya Watu na Ukweli kwa Mpiga Picha

"Hivyo vichwa aliacha Mjerumani." Toa kamera karibu na stesheni ya Dodoma, utaambiwa hivyo. Mjerumani alijenga njia. Reli ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, na enzi hizo mabehewa yalivutwa na mvuke. Vichwa vya dizeli vya klasi ya 88, vinavyofuatwa sana na wapenda treni, vilitengenezwa na kampuni ya MLW ya Montreal, Kanada, kuanzia miaka ya 1970.

Wengine watakuambia SGR, ile reli mpya ya umeme, imeshaizika reli ya zamani. Abiria wa Dar na Dodoma wamepata treni ya umeme tangu 2024, sawa, lakini mizigo bado inapita kwenye reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, kwenda Tabora na Kigoma.

Halafu kuna moshi. Kichwa kikitema wingu jeusi, watu husema kibovu hicho. Kwenye injini hizi, dereva akiongeza moto, dizeli huingia mara moja ilhali tabochaja bado haijashika kasi ya kusukuma hewa ya kutosha. Dizeli isiyopata hewa haiungui yote, ndiyo yale masizi. Baada ya sekunde kadhaa hewa inaongezeka na wingu linapungua. Kwa hiyo anayetaka picha yenye nguvu awe tayari pale treni inapong'oa kutoka stesheni, au ausubiri mlima wa Saranda, ambako njia inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Moshi mweusi usiokoma hata kichwa kikiwa kimetulia, huo sasa ni ugonjwa.

Ushauri unaonikera zaidi ni huu wa "simama kusini mwa reli, jua likae mgongoni". Kwa Mzungu aliyeko Ulaya ni sahihi kabisa. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na njia yetu kwa jumla inakwenda mashariki na magharibi. Juni na Julai jua liko kaskazini. Ukisimama kusini utaondoka na ubavu mweusi tii, namba ya kichwa haisomeki. Desemba na Januari ndipo uhamie kusini. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la mchana linapita utosini: paa linang'aa, magurudumu na kila kilicho chini ya sakafu vinazama kivulini. Siku hizo saa sita nenda kale, urudi saa kumi. Vumbi la kiangazi nalo lisikukatishe tamaa, jioni linalainisha mwanga vizuri tu.

Simu nayo inasingiziwa, eti haifai kwa sababu mabehewa hutoka yameinama. Simu nyingi husoma picha mstari baada ya mstari, na behewa linalokatiza mbele yako linakuwa limesogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Usilipige ubavuni. Pata pembe ambayo treni inakuja upande wako, mwinamo utapungua sana. Treni ya kilomita 40 kwa saa husogea mita 11 kwa sekunde, hiyo si kasi ya kudai kamera ya mamilioni.

La hatari ni "utaisikia tu ikija". Kichwa kinachopanda na mzigo kinanguruma, kweli. Kinachoteremka mlima huo wa Saranda kuelekea Bahi hakivuti, kinaserereka, na upepo wa huku unaweza kupeleka sauti kwingine. Treni yenye mzigo huhitaji mamia ya mita kusimama, dereva akikuona amechelewa. Kuingia eneo la reli bila ruhusa pia ni kosa kisheria, hata kama wenyeji wanakatiza na mbuzi wao kila siku.

Kwenye stesheni anza kwa mkuu wa stesheni. Muamkie, mweleze shida yako, kisha muulize kupishana. Njia ni moja, treni ya mizigo hulazwa pembeni kusubiri mwenzake apite, na yeye ndiye anayejua ipi inasubiri na itang'oa saa ngapi.