Kuwahisha cheche si kuongeza nguvu

Katika gereji za Uganda bado utasikia kwamba pikapu ya zamani ya petroli hupata nguvu ukizungusha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche za kuwasha petroli, ili cheche iwahi mpaka injini ivume kwa kasi. Sivyo. Bila mzigo, injini huvumilia cheche inayowahi mno, tena huvuma vizuri, ndiyo maana sikio hudanganyika. Ipakie matoke, ipandishe mlima, utaisikia ikigonga: shinikizo linapanda wakati pistoni bado inakuja juu, na joto lake laweza hata kuitoboa. Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa nyepesi huficha kosa. Ukishuka Kampala linajitokeza. Ili kuipanga cheche sawasawa, kwa kawaida huchomolewa mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distribyuta, ukazibwa, kisha alama za puli zikamulikwa kwa taa ya taimingi, inayomweka kila cheche inaporuka, mpaka zilingane na digrii alizotaja mtengenezaji.