A+ au CCNA? Mtihani wa Kwanza kwa Kijana wa Kompyuta Mombasa

Vijana wanaomaliza diploma pale Chuo Kikuu cha Kiufundi, Tudor, na hata wale wanaoshinda kwenye saiba za Mwembe Tayari wakituma maombi ya kazi, huniuliza swali moja: nianze na mtihani gani, na ni mgumu kiasi gani? Mimi ni fundi wa mitandao hapa Mombasa. Mitihani hii nimeifanya, na jioni huwafundisha wanaojiandaa kuifanya. Jibu langu ni hili: soma mtaala mzima wa A+, cheti cha misingi ya ufundi wa kompyuta, bila kulipa chochote, halafu kama mfuko wako unabeba ada ya mtihani mmoja tu, lipia CCNA, cheti cha mitandao. Wako walimu wenzangu wasiokubaliana nami, kwa hiyo nieleze.

A+ ni cheti cha CompTIA ya Marekani, watoaji wa vyeti vya kompyuta, na kimekuwepo tangu 1993. Kina mitihani miwili, na lazima upite yote miwili. Kila mmoja una maswali yasiyozidi 90, kwa dakika 90. Wa kwanza unahusu vifaa, simu, kebo, printa na misingi ya mitandao. Wa pili unahusu mifumo endeshi, usalama, programu zinazogoma na taratibu za kazi. Alama ya kupita ni 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwenye kipimo kinachoanza 100 na kuishia 900. Usiichukue 675 ukaigeuza asilimia. Kipimo hicho hakihesabu tu maswali uliyopata, na baadhi ya maswali huwekwa kwa majaribio bila kutiwa kwenye alama. Toleo la sasa, 220-1201 na 220-1202, lilitoka Machi 2025, na lile la kabla yake likafungwa Septemba mwaka huohuo. Ukinunua kitabu cha mtumba, angalia nambari kwenye jalada kwanza.

Ugumu wa A+ si kina chake. Hakuna swali ndani yake linalomshinda mtu wa kawaida aliyesoma. Ugumu ni upana: leo unasoma aina za viunganishi vya kebo, kesho namna virusi vinavyojificha, keshokutwa printa. Wengi huiruka printa wakiiona ya kizamani. Mimi naishikilia kuliko sura nyingine zote, na nitaonyesha sababu.

Mama mmoja mwenye duka la kuchapisha Bondeni alimwita mwanafunzi wangu. "Mwanangu, karatasi yatoka vizuri, lakini maandishi yafutika kwa kidole." Asiyesoma atamwambia anunue tona mpya. Pesa zitatoka na maandishi yataendelea kufutika. Mtaala wa A+ unafundisha kwamba printa ya leza hufanya kazi kwa hatua saba: inaandaa picha ya ukurasa, inachaji ngoma (ile silinda inayobeba picha), inaichora ngoma kwa leza, inaipaka tona, inaihamishia tona kwenye karatasi, inaiyeyusha kwa joto, kisha inasafisha ngoma. Sasa tazama karatasi ya yule mama. Herufi ziko mahali pake, nyeusi, zimenyooka. Maana yake hatua tano za kwanza zimefanya kazi vizuri, na iliyolegea ni ya sita, ya joto. Kwa hiyo unaangalia fyuza, yaani sehemu inayopasha karatasi joto, au unaangalia kama ametia karatasi nzito huku mipangilio ikisema nyepesi, ndiyo sababu joto halitoshi. Kijana aliyezijua zile hatua saba hakuwa na haja ya kubahatisha, wala yule mama hakununua tona asiyoihitaji.

Namna maswali yanavyoulizwa nayo huwaangusha wengi, hasa wale wenye uzoefu. Mtihani haukuulizi ni jambo gani linaweza kusaidia. Unakuuliza ufanye nini kwanza, au sababu ipi inaelekea zaidi. Majibu manne yote yanaweza kuwa ya kweli, lakini moja ndilo linalofuata utaratibu: tambua tatizo, kisia chanzo ukianza na kilicho wazi, jaribu dhana yako, panga, tekeleza, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, andika ulichofanya. Fundi wa miaka kumi aliyezoea kurukia hatua ya tano atakosa maswali ambayo mwanafunzi wa miezi mitatu anayapata. Huo ndio utaratibu ninaotaka kuuona kazini, na ndiyo maana nasema mtaala wa A+ usomwe na kila mtu, alipe asilipe. Malengo ya mtihani yanapatikana bure kwenye tovuti ya CompTIA, sura kwa sura, na video za kuyafundisha zimejaa mtandaoni.

Kwa nini basi nisikuambie ulipie A+? Ni kwa sababu ya soko letu. Kule Marekani A+ ni sharti linaloandikwa kwenye nafasi nyingi za dawati la msaada. Hapa Mombasa mwajiri wa kazi ya kwanza kwa kawaida hutaka diploma au digrii, na akitaja cheti juu ya hapo, ninachokiona mara nyingi kwenye matangazo ni CCNA. Angalia kazi zenyewe: kampuni za kutoa mizigo bandarini, yadi za makontena, hoteli za kuanzia Mtwapa hadi Diani, hospitali, sacco. Wote hao wanalia na mtandao. Mwenye hoteli anaweza kuvumilia kompyuta moja mbovu mapokezi, lakini wageni hawavumilii wifi iliyokatika.

CCNA ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, mtihani wa 200-301, ilianza Februari 2020 ilipounganisha njia kadhaa za zamani kuwa moja. Ni dakika 120, na ukishajibu swali huwezi kulirudia. Hilo peke yake huwatetemesha waliozoea mitihani ya shule, ambako unaanza na rahisi na ngumu unaziwekea alama. Mtihani huu una kina kuliko A+, na mlango wake ni kugawa mtandao mmoja kuwa midogo kadhaa. Tuchukue mfano, maana ukielewa huu umeshavuka mto mkubwa.

Kompyuta ina anwani 192.168.10.70, maski (namba inayoonyesha mtandao wake unaishia wapi) ni 255.255.255.192, na lango lake, yaani ruta ya kutokea nje, limeandikwa 192.168.10.1. Mtumiaji anasema hapati intaneti. Kosa liko wapi? Chukua 192 ya mwisho wa maski, itoe kwenye 256, unapata 64. Kwa hiyo, ukitazama namba ya mwisho ya anwani, mitandao inaanzia 0, 64, 128 na 192. Anwani ya 70 imo kwenye mtandao unaoanza 64 na kuishia 127. Lango la 1 limo kwenye ule wa 0 hadi 63. Kompyuta na lango lake hawamo mtandao mmoja, kwa hiyo haiwezi kulifikia lango hilo moja kwa moja hata ukibadilisha kebo mara ishirini. Ama anwani imekosewa, ama maski, ama lango. Anwani zinazofaa kupewa mashine kwenye mtandao ule ni 65 hadi 126, yaani 62, kwa sababu ya kwanza ni jina la mtandao na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Nataka mwanafunzi wangu afanye hesabu hii kichwani chini ya nusu dakika. Kwa mazoezi ya kila siku, hata dakika kumi ndani ya matatu ya Nyali, wiki chache zinatosha.

Elimu hii inaonekana siku ya shida. Karani anapiga simu kwamba intaneti imekufa. Aliyesoma anauliza kwanza: ni kwako tu au ofisi nzima? Kisha anatazama anwani ya mashine. Akiona inaanza na 169.254, anajua kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani, kwa hiyo kampuni ya intaneti haijahusika bado. Tatizo ni kebo, swichi au seva inayogawa anwani humo humo ofisini. Siku nyingine ni kinyume chake. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, niliona watu wakizimazima ruta asubuhi nzima mjini hapa, ilhali tatizo lilikuwa baharini, kwenye nyaya hizo hizo zinazotua Mombasa. Aliyejua kufuatilia njia ya data hatua kwa hatua aliona kwamba ndani kwake kuko sawa, akamweleza mwenye ofisi ukweli, akaendelea na kazi nyingine.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo panapouma. CCNA ni dola 300 kabla ya kodi, karibu shilingi 39,000 dola ikiwa 129. Ukianguka unasubiri siku tano na unalipa tena zote. A+ kwa bei ya Marekani ni zaidi ya dola 250 kwa kila mtihani, na mitihani ni miwili. CompTIA hubadilisha bei kulingana na nchi, kwa hiyo angalia ya Kenya kabla ya kununua vocha. Kwa familia nyingi hizi ni pesa za karo. Usilipe kabla hujapita mitihani ya majaribio mara kadhaa kwa maswali ambayo hukuwahi kuyaona. Vifaa vya mazoezi visikutishe: Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, ni ya bure, na laptopu ya kawaida inaibeba.

Inaniuma kuona kijana anakusanya ada hiyo kwa shida, halafu anaitupa kwa wauza maswali ya wizi wa Telegram. Ukigundulika, cheti kinaweza kufutwa na ukafungiwa. Hata usipogundulika, utaketi mbele yangu kwenye mahojiano nami nitakupa ile anwani ya 70 na karatasi tupu.

Siku ya mtihani angalia jina. Lililo kwenye akaunti lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi. Mwanaisha na Mwanaesha ni watu wawili kwa msimamizi, naye anaweza kukurudisha nyumbani. Mtihani unaweza kufanywa nyumbani kwa kamera, lakini asiingie mtu chumbani hata mara moja na umeme usikatike. Kwa nyumba zetu za watu wengi, nenda kituoni.

Ukipita, vyeti vyote viwili vinadumu miaka mitatu. CCNA unaifufua kwa mtihani mwingine wa Cisco au kwa pointi 30 za masomo. A+ inadai pointi 20 na ada ya kila mwaka, ila ukipita Security+, cheti cha usalama cha CompTIA, wakati A+ yako bado hai, nayo inafufuka pamoja nayo. Hiyo ndiyo njia ninayowashauri wenye A+ tayari: mwaka wa pili anza Security+, usingoje mwezi wa mwisho.