Kabla hujahamia Mombasa, uliza maji

Kila Januari simu yangu hailali. Watu wa bara wamemaliza likizo ya Desemba, wamekula samaki wa kupaka, wamelala wakisikiliza mawimbi, na sasa wanataka nyumba. "Dada, nitafutie ya vyumba viwili karibu na bahari, mwezi ujao nahamia." Mimi ni dalali wa nyumba hapa Mombasa, mwaka wa kumi na nne sasa, na riziki yangu hupatikana mkataba ukitiwa sahihi. Hata hivyo huwa nauliza kwanza: umewahi kukaa Mombasa mwezi wa Machi?

Desemba kaskazi inavuma na mji una sura ya sikukuu. Machi ni maleleji: kaskazi imechoka, kusi haijaingia, na hewa imesimama. Aliyezoea Nairobi, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako watu hujifunika blanketi karibu mwaka mzima, hupata shida ya usingizi kabla ya shida nyingine yoyote. Nimeona familia zikirudi walikotoka kwa sababu ya usingizi tu, na siwalaumu. Mtu asiyelala hafanyi kazi.

Hesabu wanayoniletea mara nyingi ni ya kodi peke yake. Ni kweli, pesa za vyumba viwili Nairobi mara nyingi hapa zinakupa kimoja zaidi. Lakini kwa mhamiaji Mombasa ni suala la maji, na maji yenyewe ni mawili: ya kuvuka na ya bomba.

Nianze na ya kuvuka. Katikati ya mji ni kisiwa. Kaskazini unaingia kwa daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980. Magharibi ni Makupa, ambako unagawana barabara na malori ya bandarini. Kusini ni feri ya Likoni. Mteja wangu mmoja, karani katika ghala la Shimanzi, kisiwani, alichukua nyumba Likoni kwa sababu kodi ilikaribia nusu ya aliyoulizwa Tudor, mtaa wa kisiwani pia. Nilimwambia, "Kaka, hesabu na kivuko." Akanijibu kwamba anayevuka kwa miguu halipi. Kweli halipi. Ila kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula siku ni kungoja. Watu wamejaa, na meli ikiwa inaingia au kutoka bandari ya Kilindini, feri inaipisha. Akawa anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awe kazini saa mbili. Siku alizochelewa alipanda tuktuk, na ile nafuu ya kodi ikaishia hapo. Miezi mitatu baadaye nilimhamishia Tudor.

Wapo wanaoogopa feri yenyewe, na wao siwacheki. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya kivuko jirani cha Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Nilikuwa msichana wa shule. Mtaa mzima ulinyamaza siku hizo, na kimya kile nakikumbuka hadi leo. Mwenye gari siku hizi anaweza kuzungukia barabara ya Dongo Kundu kutoka Miritini akatokea upande wa Kwale. Asiye na gari, ushauri wangu ni mmoja: kazi yako na nyumba yako ziwe upande mmoja wa maji. Hata ukilipa kodi zaidi.

Sasa maji ya bomba. Mji huu umezungukwa na bahari, lakini maji yake ya kunywa yanatoka mbali: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba la kilomita zipatazo 220, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kule Shimba Hills, na Tiwi. Yanayofika hayatoshi, kwa hiyo huja kwa zamu, na yapo majengo ambayo mfereji hukauka wiki nzima. Hapo unanunua kwa mitungi ya lita 20 inayoletwa na mikokoteni, au jengo linaita boza, lori la maji, na gharama mnagawana. Mengine yana kisima, na maji ya kisima hapa mara nyingi yana chumvi. Chai inabadilika ladha na nguo nyeupe hazitakati.

Kwa hiyo nikimpeleka mteja kuona nyumba, hatuanzi sebuleni. Tunaanza bafuni. Namwambia anawe mikono kwa sabuni: povu likikataa, hayo ni maji ya kisima. Aangalie kichwa cha bafu kama kina ukoko mweupe. Kisha tunapanda juu kuhesabu matangi na familia zinazoyatumia. Na asimuulize keyateka, mwangalizi wa jengo, maji huja lini, amuulize mama anayefua kwenye veranda ya jirani. Huyo hana sababu ya kukudanganya.

Kuhusu nyumba yenyewe, tafuta iliyo na madirisha pande mbili ili upepo upite, kwani kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Ghorofa ya juu kabisa chini ya zege ni tanuri: zege hunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Ukikaa karibu na ufuo, kutu ni mpangaji mwenzako. Friji, grili za madirisha, hata bawaba za milango, vyote huisha mapema.

Kwa wanaotaka kununua, kuna jambo ambalo watu wa bara hulisikia wakadhani nawatania. Hapa mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake. Kuta ni zake, kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Utaratibu huu ni wa miaka mingi, na sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya mwaka 1908 iliuimarisha kwa kutambua miliki za wachache na kuwaacha wengi bila hati. Mitaa ya Majengo, Kisauni na Likoni imejaa nyumba za namna hiyo. Ukionyeshwa karatasi ya nyumba, omba pia ya ardhi, na umlipe wakili kabla ya kumlipa muuzaji.

Kazi nitazitaja kwa ufupi: mji unategemea bandari na wageni, na mishahara mingi iko chini ya ile ya Nairobi. Nilikaa Pangani, mtaa wa Nairobi, miaka miwili, nikalala vizuri na nikalipwa vizuri. Nilirudi kwa sababu ya jioni. Hapa jioni watu wako nje: wazee barazani na kahawa chungu, watoto wanacheza, na mama jirani anayejua mwanangu ameingia nyumba ya nani. Nilipougua Pangani, siku tatu hakuna aliyebisha mlango. Hapa siku ya kwanza zilifika sahani nne za uji na chakula. Hilo kwangu lina uzito kuliko kodi, ingawa kwako huenda lisiwe hivyo, na anayependa faragha ataona majirani hao ni mzigo.

Mwaka huu mwalimu mmoja kutoka Umoja, Nairobi, alikubali kuja Machi kabla ya kuamua. Alipanda treni hadi Miritini, akakodi chumba Tudor kwa wiki mbili, akaamka alfajiri kwenda mpaka shule iliyomtaka na kurudi, kama mtu wa kazi. Usiku wa nne aliniandikia kwamba analia kwa joto. Wa tisa akaniuliza feni nzuri huuzwa wapi. Jana ameniambia atachukua nyumba kuanzia Mei, ila watoto wabaki Umoja mpaka muhula uishe, na niongee na mwenye nyumba kuhusu tangi la lita elfu moja.